Hati Peke Yake Haitoshi: Yaliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya

Watu wengi wakisikia habari za Mahakama ya Juu hufikiri juu ya uchaguzi wa rais tu. Siku ya hukumu kazi husimama mijini na mashambani, watu hukusanyika penye redio na televisheni, na majina ya majaji hutajwa kila mahali. Kisha maneno ya kura yakiisha, mahakama hiyo husahauliwa mpaka uchaguzi mwingine.

Kufikiri hivyo si sawa. Katika miaka ya karibuni mahakama hiyo hiyo imekata mashauri juu ya viwanja, juu ya mali ya mume na mke, juu ya urithi wa watoto, juu ya riba ya benki, na juu ya adhabu ya mwuaji. Neno lililoamuliwa Nairobi laweza kumfikia mkulima wa Kisii au karani wa Mombasa bila yeye kuwa na habari, mpaka siku atakapotaka kununua, kuuza, kurithi au kukopa. Hapo ndipo atakapoambiwa kwamba sheria imekwisha kutafsiriwa, naye hakujua.

Mtu akiyasoma mashauri hayo kwa utaratibu ataona kwamba katika mengi yao majaji wamerudia swali moja, nalo ni hili: jambo hili lilipatikana kwa njia gani? Hawaridhiki kuonyeshwa hati, au jina, au hesabu ya mwisho. Hutaka kujua hati ilitoka wapi, jina liliandikwaje, na hesabu ilifanywa na nani. Yafaa kila mwananchi alifahamu swali hilo, kwa maana siku moja huenda likaulizwa juu ya mali yake mwenyewe.

MAHAKAMA YENYEWE

Zamani za utawala wa Kiingereza, rufani ya mwisho kutoka Kenya ilivuka bahari mpaka London, mbele ya baraza la Mfalme liitwalo Privy Council. Baada ya Uhuru njia hiyo ilifungwa, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikawa ndiyo ya mwisho, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tangu hapo Kenya ilikuwa na Mahakama ya Rufani yake yenyewe. Mahakama ya Juu ililetwa na Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, nayo ikaanza kazi mwaka 2011. Jaji Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dkt. Willy Mutunga. Baada yake alikuja Jaji David Maraga mwaka 2016, na mwaka 2021 akaja Jaji Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho.

Kwa Katiba majaji wake ni saba, na wakiketi watano waweza kukata shauri. Msomaji asichanganye majina. Mahakama Kuu ndiyo isikilizayo mashauri makubwa kwanza. Juu yake ni Mahakama ya Rufani. Na juu ya zote ni Mahakama ya Juu. Si kila shauri lafika huko. Ugomvi juu ya kuchaguliwa kwa Rais hupelekwa huko moja kwa moja, nao lazima uamuliwe katika siku 14. Mashauri mengine hufika kwa njia ya rufani, ikiwa yahusu maana ya Katiba, au ikiwa imethibitishwa kwamba jambo lenyewe lawahusu watu wote wala si wagombanao wawili tu. Likiisha kuamuliwa, mahakama nyingine zote za nchi hufungwa na uamuzi huo. Kwa sababu hiyo shauri la kiwanja kimoja cha Mombasa lahusu viwanja vya nchi nzima.

KURA NA NJIA YAKE

Tarehe 11 Agosti 2017 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Uhuru Kenyatta amechaguliwa tena kwa asilimia 54 ya kura, na kwamba Raila Odinga amepata karibu asilimia 45. Tofauti yao ilikuwa kura milioni moja na laki nne hivi. Wengi walidhani kwamba tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuguswa na mahakama.

Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita waliokata shauri hilo waliufuta uchaguzi. Hawakusema kwamba Bwana Odinga ndiye aliyeshinda, wala hawakumwona Bwana Kenyatta kuwa na kosa lake mwenyewe. Walisema kwamba uchaguzi ni safari yenye hatua nyingi, kuanzia kuandikishwa kwa wapiga kura mpaka kutangazwa kwa mshindi, na kwamba matokeo hayakupelekwa kwa njia iliyoagizwa na Katiba na sheria. Tume ilikuwa imeamriwa kuifungua mitambo yake ili ikaguliwe, lakini haikuifungua kama ilivyoamriwa. Majaji wawili walipinga, wakisema kwamba makosa yaliyoonekana hayakutosha kutangua nia ya wapiga kura. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa mahakama kufuta kuchaguliwa kwa rais aliye madarakani.

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba. Bwana Odinga hakushiriki, na tarehe 20 Novemba mahakama iliuthibitisha ushindi wa Bwana Kenyatta. Miaka mitano baadaye, tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote saba walikubaliana kwamba ushahidi ulioletwa dhidi ya ushindi wa William Ruto haukutosha, ijapokuwa safari hiyo tofauti ya kura ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya 2017. Basi ni wazi kwamba mahakama haikutazama ukubwa wa tofauti peke yake. Ilitazama njia, na ilimtaka mwenye kulalamika alete ushahidi wa kutosha.

SHINA LA HATI YA ARDHI

Swali la njia limewagusa watu wengi zaidi katika mambo ya ardhi. Mwaka 1989 kiwanja kimoja kando ya bahari huko Nyali, Mombasa, kiligawiwa Rais wa wakati ule, marehemu Daniel arap Moi. Baadaye kiliuzwa kwa kampuni, na kampuni hiyo ikakiuza kwa nyingine iitwayo Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliubomoa ukuta wa kiwanja hicho ili kufungua njia ya watu kwenda pwani. Kampuni ilikwenda kortini ikisema kwamba ilinunua kwa nia njema, kwa fedha halali, kutoka kwa mtu mwenye hati iliyoandikishwa na serikali yenyewe. Ilifanya kosa gani?

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa jibu. Ilisema kwamba ardhi ile ilikuwa imetengwa tangu mwanzo iwe mahali wazi pa watu wote, na kwamba utaratibu wa kuigawa haukufuatwa. Kwa kuwa hati ya kwanza haikuwa na shina jema, zilizoota juu yake nazo hazikuwa na nguvu. Nia njema ya mnunuzi wa tatu haiwezi kuisafisha hati iliyoharibika kwa mnunuzi wa kwanza. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 40, yasema kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika shauri la kampuni ya Torino juu ya ardhi ya Embakasi iliyokuwa mikononi mwa Wizara ya Ulinzi, majaji waliongeza neno jingine. Walisema kwamba barua ya kugawiwa ardhi si hati ya kumiliki. Ni ahadi tu, nayo ina masharti na siku zake. Mtu asiyetimiza masharti kwa wakati hana kitu cha kumwuzia mwenzake. Na hata aliyeyatimiza hawi mwenye ardhi mpaka iandikishwe kwa jina lake.

Hukumu hizi zimewatia hofu wanunuzi na mabenki. Wao huuliza hivi: ikiwa serikali ilitoa hati, na daftari la serikali laonyesha kwamba ni safi, mwananchi wa kawaida atajuaje yaliyotendeka ofisini miaka 30 iliyopita? Swali hilo ni la haki, na mzigo wake ni mzito. Mtu asiye na hatia aweza kupoteza akiba ya maisha yake kwa ajili ya tendo la afisa ambaye hakupata kumwona.

Lakini kuna upande wa pili. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo laki mbili zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria. Ardhi hizo zilikuwa za barabara, za misitu, za shule, za masoko. Kama kila hati ingekuwa halali kwa kupita mikononi mwa mtu wa pili na wa tatu, basi mwizi angehitaji kuuza upesi tu, na uwanja wa shule usingerudi tena. Kati ya hasara ya mnunuzi mmoja na hasara ya watu wote, majaji wamechagua kuwalinda watu wote. Uchaguzi huo una gharama, na gharama hiyo yamwangukia yule asiyeuliza kabla ya kulipa.

WASIO NA HATI KABISA

Je, mtu asiye na karatasi yo yote hana haki? Mwezi wa Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kilibomolewa, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Shauri lao lilipanda kutoka Mahakama Kuu, likashindwa katika Mahakama ya Rufani, na mwisho likaamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 11 Januari 2021.

Majaji walisema kwamba mtu asiye na ardhi akikaa juu ya ardhi ya umma hapati kuwa mwenyewe wa ardhi hiyo. Lakini akiisha kuweka makao hapo na watoto wake, apata haki ya kulindwa katika makao yake, na hawezi kufukuzwa kama mnyama. Walisema pia kwamba hakimu aweza kuiamuru serikali ichukue hatua fulani, na kisha aitake ilete habari za utekelezaji wake. Hapo kabla jambo hilo lilikuwa na mashaka.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba watu wa Mitumba walipewa nyumba siku ile. Shauri lilirudishwa Mahakama Kuu ili ipime wafanyiwe nini, na ilikuwa miaka tisa na zaidi imekwisha kupita. Kupata haki ni jambo moja, na kuona matunda yake ni jambo jingine.

MALI YA MUME NA MKE

Tarehe 27 Januari 2023 mahakama ilikata shauri la mume na mke wa Nairobi waliotengana. Walikuwa na nyumba ya kukaa na vyumba vya kupangisha. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufani ilisema wagawane sawasawa. Mume akapanda juu.

Wengi walitazamia mahakama iseme ama kwamba kila talaka ni nusu kwa nusu, ama kwamba mke hana kitu ikiwa jina lake haliko kwenye hati. Haikusema lo lote kati ya hayo. Ilisema kwamba Katiba huwapa mume na mke haki sawa katika ndoa, lakini usawa huo haumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Tena mchango si fedha peke yake: kulea watoto, kutunza nyumba, kulima shamba na kusimamia mali ya jamaa, yote ni mchango. Katika shauri lile mke alionyesha kwamba alifanya kazi ya mshahara, alikopa, na alitunza nyumba na watoto. Basi rufani ya mume ilishindwa, na mgawo wa nusu kwa nusu ukabaki.

Siku hiyo hiyo iliamuliwa habari ya watu wawili waliokaa pamoja miaka mingi bila kuoana. Mahakama ilikataa kusema kwamba walikuwa mume na mke, kwa kuwa kukaa pamoja peke yake hakutoshi pasipo nia ya kuoana. Lakini kwa kuwa wote wawili walitia fedha zao katika kiwanja kilichoandikwa jina la mmoja, mahakama iliwagawia kwa asilimia 70 na asilimia 30. Jina lililo juu ya hati halikuweza kulifuta jasho la yule ambaye jina lake halikuandikwa.

MTOTO HAULIZWI ALIKOTOKA

Shauri la tarehe 30 Juni 2025 lilitoka Mombasa, nalo limeleta mazungumzo mengi. Mwanamume Mwislamu alikufa akiacha mali na watoto. Baadhi ya watoto walizaliwa na mama ambao ndoa zao hazikutambuliwa kwa sheria ya Kiislamu, na jamaa wengine walidai kwamba kwa sheria hiyo hawawezi kumrithi baba yao. Katiba huruhusu sheria ya Kiislamu itumike kati ya Waislamu mbele ya Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na urithi. Tena Katiba hiyo hiyo hukataza mtoto kubaguliwa kwa kuzaliwa kwake. Maneno hayo mawili yangepatanishwaje?

Mahakama ya Juu ilikubaliana na Mahakama ya Rufani, ikasema kwamba ruhusa ile ina mipaka, na kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao kwa sababu ya mambo ya wazazi ambayo wao hawakuyachagua. Viongozi wa Kiislamu waliipinga hukumu hiyo, wakisema kwamba mgawanyo wa urithi umewekwa na dini yao, wala si jambo la kubadilishwa na majaji. Wengine waliipokea kama ulinzi kwa wanyonge.

Cho chote mtu anachokiona juu ya hukumu hiyo, yafaa aiweke karibu na zile za ardhi. Hati huulizwa ilikotoka, na ikiwa asili yake si njema huanguka. Lakini mtoto hapotezi haki yake kwa sababu ya asili yake, kwa maana yeye si mali wala hakujileta mwenyewe.

ADHABU YA KIFO

Kwa miaka mingi hakimu wa Kenya aliyemkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia hakuwa na uchaguzi. Sheria ilimwagiza atamke neno moja tu, yaani kifo. Mtu aliyepanga mauaji kwa fedha na mtu aliyechochewa na mateso ya miaka mingi walihukumiwa sawa. Watu hawakunyongwa, kwa kuwa tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa katika Kenya, lakini walikaa gerezani wakingoja. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Kenyatta aliwabadilishia wengine 2,747.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumlazimisha hakimu kutoa adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, kwa maana mshtakiwa ananyimwa nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Haikuifuta adhabu yenyewe. Ilisema kwamba hakimu lazima asikilize kwanza habari za mtu huyo: umri wake, mwenendo wake, jinsi kosa lilivyotendeka, na kama amejuta.

Wafungwa wengi walishangilia, na wengine ambao makosa yao hayakuwa ya mauaji, kama vile unyang'anyi wa kutumia nguvu na ubakaji, nao wakaanza kuomba adhabu zao zipunguzwe. Tarehe 6 Julai 2021 majaji walitoa maagizo kwamba hukumu yao ilihusu kosa la mauaji tu. Na tarehe 12 Aprili 2024 walirudisha kifungo cha miaka 20 kwa mtu aliyemnajisi mtoto, baada ya Mahakama ya Rufani kukipunguza kuwa miaka 15. Walisema kwamba kiwango cha chini cha adhabu kikiwekwa na Bunge katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, hakimu hawezi kukipunguza kwa huruma yake. Mwenye kutaka kibadilishwe alipeleke jambo hilo Bungeni, au alete shauri la kuipinga sheria yenyewe waziwazi.

RIBA NA KODI

Mkopaji naye amepata neno lake. Tarehe 21 Juni 2024 mahakama iliamua kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kuongeza malipo yake bila idhini ya Waziri, chahusu riba pia. Mabenki yalikuwa yakidai kwamba riba ni mapatano kati yao na mkopaji. Majaji walijibu kwamba mapatano hayawezi kupita juu ya sheria iliyowekwa kumlinda mkopaji. Kwa mara nyingine swali lilikuwa lile lile: riba hii mpya ilipandishwa kwa idhini ya nani?

Lakini katika habari ya kodi, Serikali ndiyo iliyoshinda. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza kodi nyingi, na mojawapo ni ile ya mafuta ya petroli iliyopanda kutoka asilimia 8 mpaka 16. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta sheria hiyo yote, ikisema kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Katiba inavyotaka. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu iliigeuza hukumu hiyo. Ilisema kwamba wananchi walikuwa wamesikilizwa vya kutosha, na kwamba Bunge halifungwi kueleza sababu ya kukubali au kukataa kila neno lililoletwa na watu, ijapokuwa kufanya hivyo ni jambo jema. Waliolipa kodi hizo kwa shida hawakufurahi. Hapo pia mahakama ilipima njia, nayo ikaona kwamba imefuatwa, hata kama mwisho wa njia hiyo ulikuwa mchungu.

YAMPASAYO MWANANCHI

Kutokana na mashauri haya, kuna mambo machache ambayo mkulima na karani waweza kuyashika.

Kwanza, mwenye kununua ardhi asitosheke na kuonyeshwa hati. Afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi, kisha aulize hati hiyo ilitokana na nini, nani aliipata kwanza, na mwaka gani. Aende kwenye ardhi yenyewe, awaulize majirani na wazee wa mahali pale kama palikuwa njia, kisima, uwanja wa shule au mali ya ukoo. Akiona kwamba muuzaji ana barua ya kugawiwa tu, ajue kwamba bado hajaonyeshwa ardhi. Kuuliza si ujinga, na gharama ya wakili mwaminifu ni ndogo kuliko hasara ya kiwanja kizima.

Pili, mume na mke na watunze hati za malipo, za mikopo na za mauzo ya mazao, kila mmoja kwa sehemu yake. Si kwa kutazamia ugomvi, bali kwa kuwa kifo nacho huleta ugomvi kama talaka, na mjane asiye na ushahidi huonewa upesi.

Tatu, mwenye mkopo aisome barua ya benki kila riba inapopanda, na asione haya kuomba aonyeshwe idhini. Na mwenye ndugu gerezani ajue kwanza kosa aliloshtakiwa ni lipi, kabla ya kumlipa mtu anayeahidi kwamba hukumu ya 2017 itamfungulia mlango.

Nne, hukumu zote hizi zimepigwa chapa, nazo hupatikana bure katika intaneti, zikitolewa na Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria. Zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha wanasheria, na nyingine zapita kurasa 100. Wenye elimu vijijini, yaani walimu, makarani na wahubiri, wangewafaa sana jirani zao kama wangezisoma na kuwaeleza, hasa siku jirani anapokaribia kutia sahihi. Kabla wino haujakauka bado kuna nafasi ya kuuliza mali hii ilipatikanaje. Baada ya hapo swali hilo huulizwa na hakimu, na jibu lake huenda likagharimu shamba.